Nilimlilia Mama Angali Hai

Bwana apewe sifa zake, ndugu zangu, hata zikipitia mdomo kama wangu. Wazee wetu shikamooni, na ninyi wadogo zangu hamjambo.

Mnaniona nimeshika karatasi. Msiogope, sijawa mhubiri. Nimeandika kwa sababu mdomo wangu naujua, ukiachiwa peke yake unapunguza. Mke wangu Jeneroza, yule pale benchi la tatu upande wa kina mama, nilipomwomba ruhusa ya kusimama hapa hakunipa maneno mengi. Alisema, "Sema yote, usijipunguzie." Basi nitasoma kama nilivyoandika, na mkiona nimekwama, mjue nimefika pabaya.

Nimekuja kushuhudia jinsi Bwana alivyoninyoosha mgongo. Lakini kabla ya hapo nimekuja kurudisha jina la mtu. Nililichafua humu humu ndani, mbele ya wazee wa kanisa, na mpaka asubuhi ya leo bado ni chafu.

Kwa wageni: mimi ni Baba Asimwe, wa hapa hapa Nyabiyonza. Asimwe mwenyewe ameolewa Kaisho. Wengi wenu hamniiti hivyo, mnaniita Mfufuaji. Hata vijana wa bodaboda pale senta, nikipita na baiskeli yangu, husikii "shikamoo mzee", unasikia "Mfufuaji, leo umefufua nani?" Leo nitawaeleza jina hilo lilianzaje, maana mnalitumia sana na hamjui limegharimu nini.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa nyumbani. Kayanga naenda mara mbili kwa mwaka na mara zote narudi kichwa kikiniuma. Dunia yangu ni kibanja changu, migomba yangu, kahawa yangu, na kiti changu kimoja kilicholegea mguu ambacho sitaki mtu akitengeneze. Mama yangu mzazi tulikaa naye. Mnamkumbuka Bibi Koku. Alilima mpaka mgongo ukapinda, na alibeba mikungu ya ndizi kichwani hata wakati ambao sisi wanawe tulishakuwa na mabega ya kutosha. Alipozeeka, mgongo ukamdai. Hospitali walisema mifupa imesagika, wakampa vidonge. Vidonge vilimpa kiungulia, usingizi havikumpa. Ukikaa naye sebuleni ulimsikia anaguna kila akivuta pumzi.

Wakati huo Jeneroza alikuwa Mwanza miezi mitatu akimuuguza dada yake aliyeanguka ngazi. Huko kulikuwa na mama mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyewakusanya wagonjwa wa mgongo na kuwafundisha kulala. Ndiyo, kulala. Mke wangu aliporudi nilitegemea shati. Akaniletea mkeka mmoja na neno moja: yoga.

Mimi nina kidato cha nne. Sijisifu, cheti chenyewe hakisifiki. Ila kidato cha nne kinatosha kabisa kumfanya mtu alijue neno na asikijue kitu. Nikamwambia, "Hayo ni mambo ya dini za watu, ya kuabudu miungu." Akaniuliza, "Umeyaona wapi?" Nikasema, "Nimesoma." Akaniuliza, "Ulisoma ukurasa gani?" Nikatoka nikaenda kuangalia migomba.

Sasa niwaeleze kitu chenyewe, maana wengi mlisikia habari zake kutoka kwangu, na mimi nilidanganya. Hakukuwa na kujikunja kama nyoka wala kusimama kwa kichwa. Jeneroza alichukua foronya, akaijaza maharage, akashona mdomo. Ukawa mto mzito unaokaa unavyouweka. Mama alilazwa ubavu akiukumbatia ule mto kama mtoto. Baadaye aligeuzwa, miguu ikapandishwa kwenye stuli na blanketi chini ya kiuno. Mwisho alilala chali, mto wa maharage chini ya magoti, kitenge kilichokunjwa juu ya macho, na shuka mpaka kidevuni. Akae hivyo hata nusu saa. Avute pumzi polepole, na akiitoa aseme "Mukama". Kwa ambao si wa huku, Mukama ni Bwana kwa Kinyambo. Hiyo ndiyo ilikuwa miungu yote niliyoiogopa.

Na mama alianza kulala, ndugu zangu. Wiki ya pili aliacha kuguna. Wiki ya tatu akaanza kunitania, na hapo nilijua kweli amepata nafuu, maana maumivu yalikuwa yamemnyima hata nguvu ya kunicheka. Alinikuta kwenye kiti changu akasema, "Baba Asimwe, hicho kiti kitakuzika." Nilipaswa kushukuru. Lakini nilikuwa nimeshasema kitu hicho ni kibaya, na mtu wa aina yangu akishasema hapendi kitu kimsute kwa kuwa kizuri.

Ikaja siku ile ya mwezi wa nane. Nilikuwa mwisho wa kibanja, kule chini, napunguza majani makavu ya migomba. Jeneroza alikuwa ameona sakafu ya sementi inampa mama baridi. Akakata nyasi laini akazitandika sebuleni, kama walivyotandika wazazi wetu, na ili apate nafasi akatoa viti vyote nje. Akamlaza mama, akamfunika, akamwekea kitenge machoni, akaenda kisimani.

Ninyi ni watu wa huku. Niambieni, ukirudi kwako ukakuta viti vyote vimetolewa uani, nyasi mbichi zimetandikwa kuanzia mlangoni, ukachungulia ndani ukamwona mama yako amenyooshwa katikati ya sebule, amefunikwa, ametulia, kitambaa usoni, utasema nini? Sisi tunatoa viti na kutandika nyasi kwa ajili ya nini? Waombolezaji wakae. Hakuna jambo lingine.

Sikumgusa. Sikumwita. Nilitupa panga nikapiga yowe ambalo mwanaume mzima hapaswi kulipiga, likasikika mpaka njia ya Ihanda, hivyo ndivyo walivyoniambia. Na ninyi ni majirani wema. Mliacha majembe mkaja mbio. Mama Edina, jirani yangu wa juu, alikuwa wa kwanza, na mzigo wa kuni kichwani, maana yeye huwa haji msibani mikono mitupu. Mwingine alikata mkungu njiani. Mimi nilikuwa nimeshagaagaa uani, nimejaa majani, nawaambia wanaume watafute majembe ya kaburi.

Ndipo mama akaamka. Aliondoa kile kitenge, akajiinua kwa kiwiko, akaangalia mlango uliojaa watu wanaolia, na yeye akaanza kulia machozi. "Ni nani amekufa jamani?" akauliza. Mama Edina alidondosha kuni zote. Mama akanitazama mimi nilivyo na majani kichwani, akaelewa. Akasema, "Mngesubiri basi nife kwanza, ndipo mlete kuni."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini, kwenye zile nyasi. Mwenye mkungu akaomba mkungu wake. Nikapata jina.

Ningecheka nao, ingeishia hapo. Hilo ndilo linalonila, ndugu zangu. Ningecheka tu. Lakini kila nilikopita nilisikia "Mfufuaji", na mimi mtu wa nyumbani sikuzoea kutazamwa. Nikatafuta wa kumbebesha aibu yangu, nikampata karibu, anapika. Nilikuja humu kanisani kwa Mzee Wilbard, mzee wetu wa kanisa, nikamwambia mbele ya wazee wenzake kwamba mke wangu ameleta ibada ya kigeni nyumbani, anamlaza mama yangu kama maiti na kumwitia majina ya miungu. Mzee Wilbard ni mtu wa haki. Yupo hapa, na kosa si lake. Aliniuliza mara mbili. "Ulisikia mwenyewe, kwa masikio yako?"

Nikasema, "Nilisikia."

Ndugu zangu, sikusikia. Nilichowahi kusikia pale sebuleni ni mama yangu akisema "Mukama", na siku ile ya yowe hata hilo sikulisikia, maana mama alikuwa amepitiwa na usingizi. Nilisema uongo, tena wa kuapa.

Yaliyofuata mnayajua. Jeneroza alisimamishwa Meza ya Bwana, akaondolewa ukatibu wa kikundi cha kina mama. Walipomuuliza alisema, "Mimi nilikuwa namlaza mama apumzike." Hawakumwamini, kwa sababu mumewe mwenyewe ndiye shahidi. Nani angemwamini mke, mume akishaapa? Mkeka ukafungwa ukawekwa darini.

Ukabaki ule mto. Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza, niliufumua nikachukua maharage nikayapanda kati ya migomba, tena nikijiona mtu wa akili, kwamba nimepata mbegu bila kwenda gulioni. Jioni mama akautafuta.

"Mto wangu uko wapi?"

"Nimeupanda, mama."

"Umepanda mto?"

"Nimepanda maharage."

Kisha akasema, "Basi ukiota mwingine utaniambia."

Nilicheka. Nilidhani anatania. Sasa hivi nikikumbuka sauti yake ile naona hakuwa anatania, alikuwa anaomba.

Kuguna kukarudi. Jeneroza alijaribu kumwekea nguo zilizokunjwa, na mimi nikikohoa tu nje, mama mwenyewe alimwambia aache, asijiletee maneno. Miezi minne mama yangu hakupata usingizi wa maana, na mimi nilikuwa chumba cha pili nikijua dawa iko darini.

Jumapili moja ya mwezi wa kwanza tulitoka ibadani, nikachungulia chumbani kwa mama. Alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, kimya. Haguni. Jeneroza alikuwa uani anapepeta maharage mapya, yale yale niliyopanda. Nikamwambia, "Punguza kelele, mama amelala." Ndugu zangu, niliongeza na hili, nalisoma kwa sababu nimeagizwa nisipunguze: nikasema, "Unaona? Bila yoga yako." Nikakaa kwenye kiti changu nikiwanyamazisha hata kuku.

Jeneroza alimpelekea uji. Hakupiga yowe. Alitoka mlangoni na kikombe kikiwa kimejaa, akasema, "Baba Asimwe, mama hayupo."

Yule niliyemlilia angali hai, siku alipokufa nilikuwa nawanyamazisha kuku asiamke. Na nilipopiga yowe la kweli, mlikuja mmoja mmoja, mkichungulia kwanza kwenye ua. Siwalaumu. Mama Edina aliniambia baadaye kwamba alisimama kabisa njiani akajiuliza achukue kuni au asichukue.

Daktari alikuwa ameshasema kifua chake kimechoka, na mimi sisemi mto wa maharage ungemzuia asife. Angekufa. Lakini angekufa amelala.

Tulitandika nyasi. Siku ya mazishi kina mama waliimba wimbo wao kaburini, na Jeneroza, mkwe aliyemwosha mama yangu miguu miaka yote, alisimama nje ya mstari wao kwa sababu ya neno langu moja. Siku ya tatu ya matanga nikaletewa sahani, ndizi na maharage. Mama Edina akasema, "Maharage haya mazuri, yanaiva upesi. Mmetoa wapi mbegu?" Nilikuwa nayo mdomoni. Niliondoka nikaenda nyuma ya choo nikayatema, nikarudi nikasema jino linauma. Hata hapo, uongo tena.

Sasa mgongo wangu. Mwezi wa sita tulikuwa tunavuna kahawa. Niliinua gunia niliweke kwenye keria ya baiskeli, nikasikia kitu kimekatika kiunoni kama kamba. Gunia likaenda upande wake, baiskeli upande wake, mimi nikabaki nimeinama katikati kama mtu anayetafuta sindano. Nilipelekwa hospitali, nikachomwa sindano, nikapewa vidonge vile vile vya mama, nikapata kiungulia kile kile. Siku tisa sikujigeuza mwenyewe kitandani. Nilianza kuguna. Siku moja nilisikia mguno nikadhani ni mama, kumbe ni mimi.

Siku ya kumi Jeneroza aliingia akasema, "Baba Asimwe, nikikulaza utanishtaki?"

Nikasema hapana.

"Maana ukitaka nitamwita Mzee Wilbard aje akae mlangoni, asikilize mwenyewe."

Ningecheka, lakini kicheko kingeniua mgongo. Alitoa viti nje. Akatandika nyasi. Akashusha ule mkeka. Alikuwa ameshona foronya mpya, ndani akatia maharage ya yale mavuno, akauweka mto huo chini ya magoti yangu. Alinikunjia blanketi chini ya shingo, akanyoosha mikono yangu mmoja mmoja, akaniambia, "Fungua ngumi." Sikujua nimekunja ngumi. Pengine nilikuwa nimezikunja tangu mwezi wa nane ule. Akaniwekea kitenge machoni, kile kile cha mama. Akasema, "Hapo ulipo ndipo alipokuwa analala. Sasa vuta pumzi. Ukiitoa, unajua la kusema."

Ndugu zangu, nililala pale kama maiti, nikaelewa alichokuwa anakipata mama yangu. Uzito wote ulishuka kwenye nyasi. Kiuno kikaacha kupigana. Nilisema "Mukama" mara tatu, ya nne ikashindikana, machozi yakanijaa masikioni, maana ukilia umelala chali hayana pengine pa kwenda. Nikasema hapo hapo chini ya kitenge, bila kumwona uso, "Mama Asimwe, sikusikia kitu. Nilimdanganya Mzee Wilbard."

Akasema, "Najua. Nilijua siku ile ile."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema wapi? Wewe ndiye uliyekuwa na masikio."

Halafu akaniambia ninyamaze, bado dakika kumi.

Tangu siku hiyo alinilaza kila mchana. Wiki ya tatu nilitembea mpaka barabarani. Kliniki bado naenda, na ndoo nabeba, gunia sibebi tena, siwadanganyi. Lakini nalala. Bwana amenipa usingizi nilioufungia darini mama yangu asiupate, na sijui kwa nini amenipa mimi. Nikimshukuru nashukuru nimeinamisha kichwa.

Nilidhani nikishakiri nyumbani yamekwisha. Nikamuuliza Jeneroza kama amenisamehe. Akasema, "Kwangu umesema. Hujasema kule ulikosemea." Hiyo ilikuwa mwezi wa sita, na leo mvua za kupandia zimeshaanza. Miezi mitatu nimepita mbele ya kanisa hili kila Jumapili nikiwa na maneno haya, nikiogopa nini? Kuchekwa. Kile kile.

Basi nimesema. Mzee Wilbard, nilikuapia uongo. Kina mama, katibu wenu hakufanya ibada ya kigeni, alimlaza mama mkwe wake apumzike, na jina la Bwana peke yake ndilo lililotajwa. Naomba mmrudishie nafasi yake, na Meza yake. Adhabu aliyoibeba ilikuwa yangu, nipeni mimi. Na Mfufuaji endeleeni kuniita, nimelizoea, isipokuwa mjue sasa kwamba hakuna niliyemfufua. Aliyenyanyuliwa kutoka chini ni mimi.

Mwenye mgongo unaomdai, mwenye mzazi anayeguna chumba cha pili, mtumainie Bwana na usione aibu kumlaza. Jeneroza amekubali, Jumamosi mchana, nyumbani kwetu. Njoo na blanketi lako. Mito ya maharage ipo sita, nimeijaza mwenyewe, na msimu huu mbegu nimenunua. Ukifika ukakuta viti viko uani na nyasi mbichi mlangoni, usipige yowe. Ingia taratibu, piga goti, umwite aliyelala kwa jina lake.

Ahsante yangu kwa Bwana, na kwenu mliovumilia kunisikiliza. Jeneroza, karatasi imeisha. Kama kuna nililopunguza, simama uwaambie.